Uchochoro wa Jengo la Simu

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono ulioshika bega la Mama Chokaa gizani haukuwa wa mzimu. Wasomaji mlioandika wiki nzima mkiapa kwamba ni mpokeaji simu wa zamani aliyefia zamuni, poleni sana. Mizimu haivai saa.

"Shemeji," sauti ikanong'ona. "Usipige kelele. Ni mimi."

Mama Chokaa hakupiga kelele. Alipiga mwiko. Alikuwa ameshaunyanyua, na ukatua juu ya kofia ngumu ya yule mtu, ko.

"Shemeji, utaniua."

"Sijajua bado," akasema Mama Chokaa. "Kwanza niambie unafanya nini humu."

Kwa aliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Mama Chokaa ni fundi wa lipu, pengine wa mwisho mjini anayejua kuchanganya chokaa ya kizamani. Ameajiriwa kutengeneza Jengo la Simu, jumba kuukuu la ghorofa mbili ambalo serikali ilikataa libomolewe. Basi wenye fedha wakajenga mnara wa ghorofa thelathini na nane juu yake na kulizunguka pande zote, hadi jumba lile likabaki ndani ya kioo kama kokwa ndani ya tunda. Kati ya ukuta wake wa nyuma na ukuta mpya wa zege paliachwa uwazi mwembamba, mtu mnene lazima apite ubavu. Mafundi waliuita Uchochoro.

Asubuhi ile Mama Chokaa aliingia Uchochoroni kuangalia vipande vya kioo alivyovibandika juu ya ufa wa ukuta wa zamani. Ukuta ukisogea, kioo hukatika, nawe unajua. Alivikuta vizima. Lakini havikuwa vyake. Vilibandikwa na mkono mwingine. Hajamaliza kushangaa, mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake, kufuli likabana, taa ikazimika.

Na sasa mbele yake amesimama mdogo wa mume wake, kitinda mimba wa mamamkwe wake, msimamizi wa ujenzi aliyemtafutia kazi hii.

Mama Chokaa akawasha tochi ya simu yake. Betri asilimia tisa. Mtandao hakuna.

"Nani amefunga mlango?"

"Mlinzi."

"Muite kwa redio yako."

"Redio haishiki humu. Zege limezunguka kote."

Shemeji alipogeuka, kitu kikalia mfukoni mwake. Mlio mdogo, kama wa vijiko. Mama Chokaa akamulika.

"Una nini mfukoni?"

"Vyuma tu."

"Shemeji, mimi nimelea watoto watatu. Toa."

Akatoa. Vipande vinne vya kioo vilivyokatika katikati, kila kimoja na tarehe kwa mwandiko wa Mama Chokaa mwenyewe.

"Lini?" akauliza. Sauti ilikuwa imempungua.

"Viwili, wiki mbili zilizopita. Hivi viwili, Jumanne."

"Ukabandika vipya."

"Mhandisi aliniambia nibandike vipya. Alisema ni ufa wa kawaida, jengo linajikalisha. Nikamwamini."

"Hukumwamini. Ungemwamini ungevitupa. Umevitunza."

Msimamizi akatazama chini. "Nilivificha humu ndani, nyuma ya nondo. Nimekuja kuvichukua kabla..."

"Kabla ya nini?"

Juu kabisa, mahali ambapo Uchochoro ulionekana kama mstari wa kijivu, kitu kikakoroma. Kikakohoa mara mbili. Kisha mpira mnene wa pampu ukatapika, na rojo la saruji likaanza kuporomoka mwisho wa Uchochoro, zito, kwa kishindo cha magunia yanayodondoshwa.

"Kabla ya hilo," akasema.

Mama Chokaa akalimulika lile rojo. "Si ilikubaliwa Uchochoro ujazwe mwezi ujao? Nusu mita kwa siku?"

"Kazi imehamishiwa leo. Yote. Mkaguzi wa manispaa anakuja saa nane. Akikuta pameshajazwa, hakuna cha kuonyeshwa."

"Na kabla ya pampu kuwashwa, lazima mtu aingie akague, asaini kitabu kwamba humu hamna mtu. Nani amesaini leo?"

Msimamizi akaanza kuvirudisha vile vioo mfukoni.

"Shemeji, nakuuliza. Nani amesaini?"

"Mimi," akasema. "Saa mbili kasorobo. Nilikuwa nakunywa chai."

Kama hawangekuwa pale walipokuwa, Mama Chokaa angecheka. "Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu, humu hamna mtu."

"Kwa mujibu wa kitabu, hamna."

Wakakimbilia mlango, yeye mbele, shemeji nyuma akijipitisha ubavu. Msimamizi akavua kofia akagonga chuma hadi kofia ikapasuka. Akagonga kwa ngumi. Akaita jina la mlinzi, akamtukana, akamwomba. Lakini nyuma ya ule mlango ndiko pampu ilikoegeshwa, na pampu ile ikiunguruma hata mtu aliyesimama karibu nayo huongea kwa vidole.

Rojo likawafikia viatu. Lilikuwa baridi, na lilikuja taratibu.

Msimamizi alikuwa anatazama miguu yake. Mama Chokaa alikuwa anatazama ukuta.

"Shemeji, sikiliza. Rojo likiwa bichi linasukuma kama maji. Upande huu kuna zege la mnara, halisogei. Upande huu kuna mawe na chokaa ya miaka mia, tena yenye ufa. Likifika kifuani, unafikiri ukuta upi utaondoka?"

"Wa zamani."

"Utaondoka kuelekea wapi?"

"Ukumbini." Akameza mate. "Lakini ukumbini hamna mtu. Uzinduzi ni saa tano. Sasa hivi ni saa tatu na nusu, shemeji, kule kuna viti tu."

Mama Chokaa akamtazama. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hajui.

"Mama yuko ukumbini," akasema.

"Mama gani?"

"Una mama wangapi? Nimempeleka mwenyewe saa mbili na nusu. Wamemwalika awe mgeni wao, aketi kwenye kiti chake cha zamani, achomeke waya kwenye ubao wa simu, waandishi na wageni waliowahi wampige picha. Alinikataza nisikwambie. Alitaka akushangaze. Amenunua viatu."

Msimamizi akakaa pale pale ndani ya rojo, mgongo ukutani, kama mtoto aliyechoka kutembea.

Mama Chokaa akamkamata ukosi wa ovaroli akamvuta. "Simama. Hilo likiganda umekaa, watakutoa kwa tindo."

"Nimemuua mama yangu."

"Bado. Simama nikwambie kitu."

Alikuwa amekumbuka bomba.

Miezi miwili nyuma, alipokuwa anapiga lipu ukumbini, waliomwajiri walimwambia asizibe tundu moja lililokuwa nyuma ya ubao wa simu. Ni bomba la udongo, pana kama sahani, ambamo nyaya zote za mji ziliingilia enzi hizo. Walitaka libaki lionekane, limefunikwa kwa bati la shaba lenye vitobo, la urembo. Kama upande wa ukumbini lipo, upande wa Uchochoroni lazima lipo pia. Akamulika ukuta. Betri asilimia sita. Akahesabu hatua kutoka pembeni, kumi na moja, akainua tochi.

Lile pale. Juu, mara mbili ya kimo chake, maana sakafu ya ukumbi imeinuliwa, limesokomezwa matambara na magazeti yaliyooza.

"Chuchumaa," akamwambia shemeji yake.

"Eti?"

"Chuchumaa nikukanyage mabega."

"Shemeji, hiyo si heshima."

"Miaka kumi na tatu nimeolewa kwenu, sijawahi kubebwa na mtu wa ukoo wenu hata siku moja. Leo mtanibeba."

Akachuchumaa. Mama Chokaa akavua viatu, akapanda, akashikilia ukuta wa zege kwa mkono mmoja na wa mawe kwa mwingine. Msimamizi akajiinua polepole, anaguna, rojo linamfika nusu ya muundi. Tundu likawa usoni mwa Mama Chokaa. Akachomeka mwiko, akavuta. Tambara likatoka, na vumbi la nusu karne likamwingia machoni. Akavuta jingine. La tatu lilikuwa limeshikana na uji wa magazeti yaliyooza, akalichimba kwa kucha.

Likatoka, na mwanga ukaingia. Duara la mwanga lililochujwa na vitobo vya shaba, na nyuma yake muziki laini, viti vinaburuzwa, mtu anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Mama," akaita. "Mama, ni mimi mkweo."

Muziki ukaendelea.

"Mama. Nyuma yako."

Muziki ukaendelea. Kisha ikaja sauti, karibu kabisa na sikio lake, kavu, isiyo na haraka.

"Ongea polepole, na usipige kelele kwenye mdomo wa chombo. Uko wapi?"

Mamamkwe wa Mama Chokaa alikuwa mpokeaji simu katika jengo lile kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walimpa jina la Bi Laini kwa sababu ya kazi, si kwa tabia, maana hakuwa laini hata kidogo. Alikuwa akimjua mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema halo.

"Niko ndani ya ukuta, mama. Nyuma ya ubao wako."

"Upande wa nyaya."

"Upande wa nyaya."

"Uko peke yako?"

Mama Chokaa alihisi mkono ukimbana kifundo cha mguu. "Usimwambie," Msimamizi akanong'ona kutoka chini. "Mwambie chochote, lakini usimwambie ni mimi."

Kwa miaka yote ile Mama Chokaa hajawahi kufaulu kumdanganya mamamkwe wake, hata juu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga. "Tuko wawili, mama. Wanatumwagia saruji kutoka juu, hawajui kama tumo. Na huo ukuta ulio mgongoni kwako utaanguka. Mtoe watu. Toka na wewe."

Sauti nyingine ikaingia, ya msichana, tamu kama ya tangazo. "Bibi, unaongea na nani?"

"Naongea na mkwe wangu. Yumo ukutani."

"Sawa bibi. Nikuletee maji?"

"Sina kiu. Niitie mkubwa wako."

"Anahojiwa na waandishi, bibi."

"Basi nitapiga yowe, na hao waandishi watakuja kunihoji mimi."

Viatu vya msichana vikaondoka vikilia koko koko, harakaharaka. Chini, Msimamizi akasema rojo limefika magotini. Halikuwa linaporomoka tena kwa kishindo, lilikuwa linameza, na kila likimeza mabega yake yalitikisika.

Vikaja viatu vya mwanamume. Mama Chokaa alimtambua kabla hajafungua mdomo. Mhandisi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa unasumbuliwa."

"Marahaba. Hakuna anayenisumbua. Kuna watu wawili ukutani, na mashine yenu inawafukia. Izimeni."

Mhandisi akacheka kwa adabu. "Hilo bomba la zamani, mama, linaleta sauti kutoka barabarani. Hata mimi lilinishtua siku moja. Kule nyuma hamna mtu, tumekagua na kitabu kimesainiwa."

"Na nani?"

"Na Msimamizi. Mwanao mwenyewe, mama. Kijana mwaminifu sana yule."

Mama Chokaa akafungua kinywa apige ukelele, akasita. Alimsikia Bi Laini akisogeza kiti, mdomo ukaja karibu na bati la shaba, na sauti ikashuka.

"Mkwe wangu. Huyo wa pili ni nani?"

Mama Chokaa hakujibu. Hakuwa anaficha. Aliona si neno lake la kusema. Alisimama juu ya mabega ya mtu mzima yaliyokuwa yakitetemeka, akasubiri.

Rojo likameza. Pampu ikaunguruma.

"Ni mimi, mama." Msimamizi alisema kwa sauti iliyojaa Uchochoro wote. "Nilisaini bila kuingia. Ufa upo, na unakua. Vioo vilikatika vinne, mimi ndiye niliyevificha. Huyo anayeongea na wewe ndiye aliyenituma, na mimi nikakubali. Nisamehe mama, lakini kwanza toka hapo."

Upande wa pili muziki ulizimwa.

"Mama, hayo maneno..." Mhandisi akaanza.

"Usinieleze," akasema Bi Laini. "Umeyasikia kama nilivyoyasikia. Ungekuwa unadhani ni barabara, usingekuwa unatafuta mlango."

Kilichofuata kiliwafikia Uchochoroni kwa vipaza sauti, kikubwa kuliko pampu, kwa ile lugha ya kazini ambayo mji mzima uliijua zamani.

"Wageni wapendwa, samahani kwa usumbufu. Tafadhali tokeni nje nyote kwa mlango wa mbele, sasa hivi. Msikimbie. Acheni maua, acheni mikoba. Waandishi, ninyi pitieni nyuma kwenye mashine ya saruji, mwambieni mwenye mashine kwamba ameshazika watu wawili hadi magotini."

Miguu. Mingi, kama mvua juu ya mabati. Ikapungua, ikapungua, ikaisha.

Na pampu ikafa.

Ukimya ule, wasomaji, uliwauma masikio. Msimamizi akaanza kucheka, kicheko kisicho na pumzi, na Mama Chokaa akajikuta anampigapiga kichwani kwa unyayo kama anayembembeleza mtoto. Juu, mpira ukadondosha matone ya mwisho. Nyuma ya mlango zikasikika sauti za watu, nyundo, mtu anaita.

"Wanakata kufuli," Bi Laini akasema bombani. "Wamenipa redio. Mlinzi anasema ufunguo hana, ulichukuliwa asubuhi."

"Ninao mimi," Msimamizi akasema. "Niliuchukua ili mtu asinikute humu. Mlinzi alibana kufuli tu."

"Si kitu. Wameleta msumeno."

Mama Chokaa akageuza tochi kuelekea mlangoni. Asilimia mbili. Aliutazama ule mlango kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, bawaba zake, fremu yake, rojo lililolala mbele yake laini kama maziwa ya mgando.

"Shemeji," akasema. "Mlango huu unafungukia wapi?"

Msimamizi akaacha kucheka. "Ndani, upande wetu."

"Hata wakikata kufuli."

"Hata wakilikata. Hautasogea."

"Basi watashusha ngazi kutoka juu. Tuna muda. Rojo linachukua siku nzima kuganda."

"La kawaida ndiyo." Akavuta pumzi. "Hili limetiwa dawa ya kuganda haraka. Kwa ajili ya mkaguzi."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa jambo dogo: "Shemeji, mguu wa kushoto siwezi kuuinua."

Tochi ikazimika. Ukabaki mwanga wa bomba tu.

"Mama," Mama Chokaa akaita. "Umetusaidia vya kutosha. Nenda nje. Watatutoa."

"Nje nani ataniambia mnaendeleaje?"

"Watakwambia."

"Hao waliosema hamumo?" Akasikika akikaa, kiti kikalia chini yake. "Huyo Mhandisi ametoka wa kwanza. Nikiondoka hapa, hakuna mtu ndani ya jengo hili lote anayejua mko mahali gani ukutani. Nimewaambia kwa redio washushe ngazi, na wanisikilize mimi."

"Mama, toka," Msimamizi akalia kutoka chini. "Nakuomba. Ukuta uko mgongoni mwako."

"Nilikaa kwenye kiti hiki miaka thelathini na moja," akasema Bi Laini. "Watu wamejifungua nikiwa kwenye laini. Watu wamefiwa nikiwa kwenye laini. Sijawahi kumkatia mtu akiwa bado anaongea. Haya, mkwe wangu. Rojo limefika wapi? Niambie nami niwatajie redioni."

Mama Chokaa akataka kumjibu. Alikuwa ameegemeza kiganja chote cha kulia kwenye mawe ya zamani, mawe aliyoyapangusa, akayajaza, akayapiga lipu moja moja kwa miezi saba, na mkono wake uliyajua kuliko ulivyoujua uso wa mume wake.

Akanyamaza asikilize kwa ngozi.

Ukuta ulikuwa unaondoka. Taratibu, bila mlio wowote, ukielekea alikokaa mama.